Jinsi ya kujua kama The Great Gatsby unayouziwa ni chapa ya kwanza kweli

Kuna jamaa yangu kanitumia picha za The Great Gatsby, ile riwaya ya F. Scott Fitzgerald, aliyoiona mnadani mtandaoni, muuzaji kaandika toleo la kwanza 1925, yeye tayari kashika kadi ya benki mkononi. Nikamwambia tulia kwanza, usilipe, tuanze hivi.

1. Mchapishaji. Ukurasa wa jina uwe na Charles Scribner's Sons, New York, 1925. Ukikuta Grosset & Dunlap au A. L. Burt achana nacho, hao walikuwa wanachapa upya vitabu vya wenzao kwa bei rahisi.

2. Maneno ya ndani. Watu wengi wanapigwa hapa. Kitabu kilitoka Aprili 10, 1925, nakala kama 20,870, halafu Agosti ya mwaka huohuo wakachapa nyingine 3,000, ndiyo chapa ya pili, kwa hiyo mwaka peke yake haukwambii kitu. Wengine watakwambia tafuta herufi A, alama ya chapa ya kwanza, kwenye ukurasa wa kopirait, sasa hiyo A Scribner's walianza kuiweka baadaye, kuelekea 1930, kwa Gatsby haikusaidii hata kidogo. Wewe angalia maneno waliyoyabadilisha kwenye chapa ya pili. Uk. 60 mstari wa 16 pawe na "chatter", siyo "echolalia". Uk. 119 mstari wa 22 "northern", siyo "southern". Uk. 205 mistari ya 9 na 10 "sick in tired", ya pili wakaandika "sickantired". Uk. 211 mistari ya 7 na 8 "Union Street station", baadaye ikawa "Union Station". Mie huanza na 205, jicho linaliona haraka.

Omba picha za kurasa zote nne, siyo moja, maana kuna vitabu vimeungwa kutoka nakala mbili. Na hata zote zikikubali bado usishangilie, zipo nakala za kuiga za miaka ya karibuni zimenakili mpaka makosa, kwa hiyo dai na picha ya ukurasa wa kopirait, na karatasi yenyewe ikiwa nyeupeee jiulize.

(Ukihamia kwa wachapishaji wengine sheria zinabadilika kabisa. D. Appleton, kwa mfano, waliweka (1) kama alama ya chapa ya kwanza kwenye ukurasa wa mwisho wa hadithi, ndivyo ilivyo The Age of Innocence, riwaya ya Edith Wharton ya 1920.)

3. Jaketi, yaani ile karatasi ya kuvulika inayofunika jalada. Pesa iko hapa, nakala yenye jaketi lake imeshawahi kupita dola 100,000 mnadani, bila jaketi ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Upande wa nyuma jina lilichapwa "jay Gatsby" kwa j ndogo, nyingi zikasahihishwa kwa wino. Jaketi lilikuwa refu kidogo kuliko kitabu, ndiyo maana mengi yamechanika juu, likiwa safi kupita kiasi mie naogopa. Nunua tochi ya UV (ya mwanga wa urujuanimno), acha hizo app za kukadiria bei: ukiimulika, karatasi ya kisasa mara nyingi inang'aa bluu, ya 1925 haing'ai.

4. Kutunza. Jaketi livishe plastiki angavu ya mylar. Selotepu marufuku, hata kama pamechanika kidogo tu.