Yadi zako zinavujia wapi? Jinsi ya kuufuata mpira wa wachezaji gofu wa kulipwa

Jumamosi asubuhi, tii ya kwanza (mahali pa kuanzia kupiga) ya uwanja wa gofu wa Nakuru, chini ya mlima Menengai. Bwana mmoja mwenye mabega ya kubeba gunia la viazi anakaza meno na kupiga. Mpira unapinda kulia, unagusa miti, unalala yadi 190 kutoka alipo. Baada yake anasimama kijana mwembamba aliyeanza mchezo huu kwa kubeba mifuko ya wenzake. Fimbo inapita kwa wepesi, mlio ni mmoja, mkavu, na mpira unaendelea kupaa pale ambapo ule wa kwanza ulikuwa umeshaanguka. Hapo ndipo ninapoulizwa: "Kocha, huyu anakula nini?"

Nafundisha gofu hapa Nakuru, na mara kwa mara Kisumu na Kakamega, na swali hilo nalipenda kwa sababu jibu lake linampa mtu tumaini. Tuanze na hesabu kabla ya kushika fimbo.

Wanaume wa PGA Tour, mashindano ya kulipwa ya Marekani, hupitisha kichwa cha dreva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) kwenye mpira kwa kasi ya maili 113 hadi 115 kwa saa, na mpira wao husafiri yadi 300 hivi kwa wastani. Mwanaume wa ridhaa mwenye hendikepu (mapigo ya ziada anayoruhusiwa mchezaji; ikiwa ndogo, yeye ni bora zaidi) ya 14 au 15, akipimwa kwa rada ya TrackMan, ana maili 93 na mpira wake husimama yadi 214. Tofauti ya kasi ni maili 20. Kila maili moja ina thamani ya yadi mbili na nusu hivi, kwa hiyo kasi peke yake inaeleza yadi 50. Lakini pengo lenyewe ni zaidi ya yadi 80. Zile 30 zimeenda wapi?

Watazame wanawake wa LPGA, mashindano ya kulipwa ya wanawake. Kasi yao ya wastani ni maili 94, karibu sawa na ya yule bwana wa hendikepu 14. Hata hivyo mpira wao husafiri yadi 218 hewani tu, kabla haujaanza kuviringika. Nguvu ni ile ile na wanampita. Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili: kwanza tuzibe tangi linalovuja, halafu ndipo tuongeze maji. Wengi wanaokuja kwangu wanataka kuongeza maji tu.

(Maelezo yote ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto, geuza.)

Hatua ya 1: Jua unapopigia

Nunua kalamu ya kuandikia ubao mweupe. Chora doa nene kwenye mpira, uweke kwenye tii (kijiti kinachoinua mpira) doa likiangalia uso wa dreva, kisha piga. Doa litabaki kwenye uso wa fimbo na kukuonyesha mahali mpira ulipogusa. Futa kwa kitambaa, rudia. Piga mipira kumi na uandike kila mmoja: katikati, nchani, karibu na shina (mpini wa fimbo), juu, chini.

Usiruke zoezi hili kwa kuliona dogo. Mpira na uso wa fimbo hugusana kwa muda wa kama nusu ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo huwezi kurekebisha chochote kwa mikono, huwezi kuusukuma mpira wala kuuelekeza. Kila kitu kimeshaamuliwa. Mchezaji wa kulipwa akipiga katikati, mpira wake huondoka kwa kasi ya mara 1.48 ya kasi ya fimbo. Yule bwana wa hendikepu 14 anapata mara 1.42. Inaonekana tofauti ndogo, lakini ni karibu maili sita za kasi ya mpira, na hajapunguza nguvu hata kidogo.

Ukipigia chini ya katikati, unalipa mara mbili. Kasi inapungua, na mpira unazunguka zaidi kwa nyuma, unapaa kama mwewe halafu unadondoka bila kwenda popote. Ukipigia nchani au karibu na shina, mpira unapinda na yadi kumi au zaidi zinapotea. Mtu akiniletea karatasi yenye alama saba kati ya kumi zilizo chini, najua tayari la kufanya, hata kabla sijamwona akipiga.

Alama zikiwa nchani mara nyingi, umesimama mbali na mpira au unajivuta nyuma unapopiga. Sogea karibu na mpira kwa upana wa kidole kimoja, jaribu tena. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Acha kupasua kuni

Kwa ayani (fimbo ya chuma) namba saba, mpira uko chini na fimbo inatakiwa kushuka juu yake. Dreva ni fimbo nyingine kabisa, maana mpira umeinuliwa kwenye tii ili fimbo iukute ikiwa imeanza kupanda. Wengi wetu tunaipiga dreva kama tunapasua kuni kwa shoka. Mpira unazunguka nyuma mara 3,200 na zaidi kwa dakika, wakati wanawake wa LPGA wako kwenye 2,600 hivi. Mzunguko huo wa ziada ndio unaoupandisha mpira juu badala ya kuusogeza mbele.

Hapa kuna jambo ambalo televisheni imewapoteza watu. Dreva ya wanaume wa PGA Tour, kwa wastani, huukuta mpira ikishuka kidogo, kama digrii moja. Wanaweza kumudu hilo kwa sababu kasi wanayo ya kutosha, na wanatafuta usahihi. Ya wanawake wa LPGA huukuta ikipanda kwa digrii tatu hivi. Kama kasi yako ni maili 90, mwalimu wako ni hao wanawake. Watazame wao.

Jipange hivi. Mpira uwe sambamba na sehemu ya ndani ya kisigino cha kushoto. Tii iwe ndefu kiasi kwamba nusu ya mpira inachungulia juu ya dreva iliyolazwa chini. Bega la kulia liwe chini kuliko la kushoto, na kifua kiegemee kidogo upande wa kulia, mbali na shabaha. Usijilazimishe kuinua mikono. Mpangilio huo ndio utakaoipandisha fimbo.

Zoezi: laza pakiti tupu ya maziwa chini, hatua moja ya mtoto (sentimita 30 hivi) mbele ya tii, upande wa shabaha. Piga bila kuigusa pakiti. Anza bila mpira. Ukiikanyaga kwa fimbo, bado unapasua kuni.

Mwalimu mmoja mstaafu wa sekondari alinijia Kisumu, miaka 67, goti moja bovu. "Kijana wangu," aliniambia, "nguvu zimeisha, nifundishe tu kupata mpira." Nikamjibu, "Mwalimu, nguvu zako sizigusi. Tuanze na kalamu na pakiti." Wiki tano baadaye mpira wake ulikuwa unavuka bunka (shimo la mchanga) aliyokuwa akiiangukia kila mara. Kasi yake haikuwa imepanda hata maili moja. Sikumbuki mwanafunzi mwingine aliyenifurahisha kiasi kile.

Hatua ya 3: Legeza mikono

Hii ni fupi. Shika fimbo kwa vidole, isiwe ndani ya kiganja, na kwa nguvu ile unayomshika mtoto mnapovuka barabara kuu: hawezi kuchomoka, lakini humuumizi. Misuli iliyokazwa haiendi haraka. Kama ngozi ya viganja vyako inachubuka baada ya mipira 30, unakaza mno.

Hatua ya 4: Jizungushe hadi mgongo uione shabaha

Wachezaji wa kulipwa huzungusha mabega karibu digrii 90 na nyonga karibu digrii 45 wakienda nyuma. Anayekaa ofisini siku tano hawezi kufika hapo akiwa ameng'ang'aniza kisigino chini. Basi kiache kisigino cha kushoto kiinuke. Bingwa wa Marekani Jack Nicklaus alikuwa akikiinua, na ndiye aliyeshinda mashindano makuu 18. Fimbo ikienda nyuma kwa mikono peke yake, mabega yakiwa bado yanatazama mpira, umeandaa nusu tu ya safari, na hiyo nusu nyingine utaifidia kwa kukaza meno.

Hatua ya 5: Shuka kwa kufuata foleni

Hapa ndipo kasi yenyewe inapozaliwa, na hapa nitakaa.

Ukiwahi kumtazama kijana anayewinga ndege mpungani kwa kombeo, utakuwa umeiona swingi ya gofu, yaani namna ya kuzungusha fimbo. Mguu unakanyaga mbele kwanza. Kiuno kinafuata, halafu bega, halafu mkono, na jiwe linakuja la mwisho, likiwa na haraka kuliko vyote. Angeanza na mkono, jiwe lingeanguka miguuni pake.

Mchezaji wa kulipwa hushuka kwa foleni hiyo hiyo: miguu, nyonga, kifua, mikono, fimbo. Na kila kiungo kinapopunguza mwendo, kinakabidhi kasi yake kwa kinachofuata. Umepanda matatu, unajua: gari likifunga breki, abiria ndiye anayerushwa mbele. Nyonga zikipunguza, kifua kinarushwa. Kifua kikipunguza, mikono inarushwa. Mikono ikipunguza, kichwa cha fimbo kinachomoka. Ndiyo maana mchezaji wa kulipwa kama Rory McIlroy, mwenye urefu wa sentimita 175 tu, aliongoza PGA Tour msimu wa 2023 kwa wastani wa yadi 326.

Wa ridhaa huvunja foleni. Anapofika juu, mikono inakimbilia mpira kwanza, kona ya vifundo vya mikono inafunguka mapema, na kasi yote inamwagika nyuma ya mpira. Anachokiita "kupiga kwa nguvu" ni mikono kutangulia.

Zoezi la kwanza, la hatua. Simama miguu ikiwa pamoja. Peleka fimbo nyuma, na kabla haijafika mwisho, piga hatua ya kushoto kuelekea shabaha, ukanyage, ndipo ushuke. Utahisi fimbo imebaki nyuma huku mwili umeshaondoka. Hisia hiyo ndiyo tunayoitafuta. Fanya mara ishirini bila mpira, kisha mara kumi na mpira kwa nusu ya nguvu.

Zoezi la pili, la sauti. Geuza dreva, ushike shina karibu na kichwa, ncha ya mshiko iwe chini. Izungushe kama unapiga na usikilize. Itavuma: vuuu! Sauti inapaswa kuwa kubwa kuanzia pale mpira ungekuwa na kuendelea mbele, upande wa mguu wa kushoto. Ukiisikia upande wa kulia, umeimwaga kasi mapema. Sijapata mashine inayofundisha hili vizuri kuliko masikio.

Mwishoni, unapofika kwenye mpira, isukume ardhi kwa mguu wa kushoto kama unataka kuinuka. Watazame wachezaji wakubwa: wengine kisigino cha kushoto huruka kabisa kutoka chini.

Hatua ya 6: Fundisha mwili kwenda haraka

Siku tatu kwa wiki, piga hewani mara kumi na tano kwa kasi yote uliyonayo, ukipumzika kati ya kila mara tano. Tumia ile dreva iliyogeuzwa, ni nyepesi na mwili hujifunza mwendo mpya. Pasha mwili moto kwanza kwa dakika kumi. Kama mgongo unauma, acha, umwone daktari. Yadi kumi hazilingani na uti wa mgongo.

Ongeza kuchuchumaa na kusimama, na kuruka juu kwa miguu yote miwili. Nguvu ya dreva hutoka mapajani.

Hatua ya 7: Fimbo, kisha mahali

Sheria za gofu zinabana fimbo ya kila mtu: uso wa dreva hauruhusiwi kurusha mpira kupita kiwango fulani, na kichwa hakizidi sentimita za ujazo 460. Mchezaji wa kulipwa hana dreva ya siri. Anachokuwa nacho ni dreva inayomfaa. Kwa kasi ya maili 90, tafuta uso ulioinama nyuma kwa digrii 10.5 hadi 12 na shina laini kiasi. Kununua dreva ya digrii 9 yenye shina gumu, kwa sababu ndiyo ya yule uliyemwona kwenye televisheni, ni kununua mvujo mwingine.

Halafu usidanganywe na mwinuko. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 6 au 7 kuliko Mombasa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, faida hiyo inabaki asilimia 4 hivi. Mtu wa Nakuru anayeshuka ziwani na kukuta mpira wake umepungua hajaharibikiwa na swingi. Asirudi kukaza mikono.

Hatua ya 8: Pima

Kabla ya kuanza, piga mipira kumi, tupa mbali miwili mizuri zaidi na miwili mibaya zaidi, kisha tembea hadi palipo na ile sita na uhesabu hatua. Andika tarehe, kiwanja na upepo. Wiki mbili za kwanza fanya hatua ya 1 na ya 2 tu. Wiki mbili zinazofuata ongeza ya 3 hadi ya 5, na ya 6 ianze wiki ya tano. Mwisho wa wiki ya sita rudi kiwanja kile kile, saa ile ile ya asubuhi, na kalamu yako mfukoni, uhesabu hatua upya.