Core i3-2120 au Pentium G2020? Zipime mwenyewe kabla hujatoa hela

Mteja wangu mmoja ana steshenari Ng'ong'ona, hapa Dodoma, upande wa chuo kikuu cha UDOM. Alipata ofa ya kompyuta mbili za ofisi zilizotumika: moja ina Core i3-2120, nyingine Pentium G2020. Ya i3 ilikuwa imepandishwa bei, kisa jina.

"Fundi, i3 si ndiyo yenyewe? Pentium si mambo ya zamani?"

"Dada, hiyo Pentium ni ndogo kiumri kuliko hiyo i3."

Hakuniamini mpaka tulipozifungua. Nitaeleza tulivyofanya, maana swali hili naletewa kila mwezi. Tuelewane neno moja kwanza: mjini hapa boksi lote tunaliita CPU. Nikisema prosesa nina maana ya kile kidude cha mraba kilicho chini ya feni.

Hatua ya 1: Hakikisha unachouziwa ndicho kilichomo

Stika ya mbele ya boksi si ushahidi. Nimeshanunua mashine yenye stika ya i5, ndani nikakuta Celeron, na muuzaji akaapa kwamba hata yeye kaletewa hivyo. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, usome jina la prosesa. Ukiwa na flashi, tembea na CPU-Z, programu ndogo ya kusoma taarifa za prosesa. Haihitaji intaneti wala haichukui dakika mbili.

Kwa hizi mbili utakuta hivi. Core i3-2120 ni ya 2011, kizazi cha pili: kore 2, tredi 4, kasi ya 3.3 GHz, wati 65. Pentium G2020 ni ya 2013, imejengwa kwa usanifu wa kizazi cha tatu: kore 2, tredi 2, kasi ya 2.9 GHz, wati 55. Zote zina kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ya MB 3, zote zinakaa kwenye soketi, yaani kiota cha prosesa, ya LGA1155, na hakuna yenye Turbo, ule uwezo wa kujiongezea kasi, kwa hiyo kasi iliyoandikwa ndiyo kikomo chake.

Tredi ndizo zinazochanganya watu. Chukulia kore ni mhudumu wa kaunta. Pentium ina wahudumu wawili, kila mmoja na mteja wake. i3 nayo ina wahudumu wawili, ila kila mmoja anashika wateja wawili: huyu akiwa anatafuta chenji mfukoni, mhudumu anamgeukia yule. Wahudumu hawajawa wanne. Wamepunguza tu muda wa kukaa bure.

Hatua ya 2: Pima kwenye mazabodi moja

Ukipima kila prosesa kwenye boksi lake, utakuwa unapima diski na ramu. Moja ikiwa na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na nyingine diski ya kuzunguka, SSD itashinda hata ukiiwekea prosesa dhaifu. Kwa kuwa soketi ni moja, tumia mazabodi moja (bodi kuu inayobeba prosesa na ramu), ramu ileile, diski ileile.

Hapa kuna mtego. Mazabodi nyingi za kizazi cha pili, kama za chipseti ya H61, zilitoka kabla G2020 haijazaliwa. Bila kusasisha BIOS, programu ya ndani ya mazabodi inayowasha mashine, utaweka Pentium, feni izunguke, skrini ibaki nyeusi, na uanze kulaumu prosesa isiyo na kosa. Sasisha BIOS i3 ikiwa bado ndani, ndipo ubadilishe. Angalia pia ukurasa wa mtengenezaji wa mashine, kwa sababu baadhi ya mashine za ofisi za kizazi cha pili hazipokei kizazi cha tatu hata ufanyeje. Na usisasishe BIOS bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kufa palepale.

Hatua ya 3: Kubadilisha

Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache kumaliza chaji, kisha puliza vumbi ukiwa nje. Vumbi letu la Dodoma ni jekundu na laini, linaziba mapezi ya kipoozeo kama udongo wa kusilibia tembe. Nimeshatoa bonge lililokaa kama blanketi kati ya feni na chuma.

Toa kipoozeo, inua wenzo wa soketi, fungua fremu. Pini za soketi hii ziko kwenye mazabodi, si kwenye prosesa, na zikipinda umekwisha, kwa hiyo usizitie kidole wala brashi. Shika prosesa kwa kingo, linganisha pembetatu na vile vibonyeo viwili vya pembeni, iweke itue yenyewe bila kuikandamiza. Futa pesti ya zamani (ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo) kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, rudisha kipoozeo ukikaza kwa mshazari.

Hatua ya 4: Ipe kazi ya dukani

Alama za mtandaoni ziache kando kwanza. Mteja wangu anafungua ripoti za wanafunzi zenye picha nyingi, anaskani vyeti, anajaza maombi ya ajira kwenye kivinjari, na yote hayo yanatokea wakati mmoja kukiwa na foleni. Basi tulipima hayo. Kila kazi mara tatu, saa ya simu mkononi, na tukachukua jibu la katikati.

Kisha tukafungua 7-Zip, programu ya kubana mafaili, ambayo ina kipimo chake cha ndani unachoweza kukichagulia idadi ya tredi. Anza na 1. Kwa kasi tupu, 3.3 ukigawa kwa 2.9 ni tofauti ya takriban asilimia 14, lakini usanifu mpya zaidi wa Pentium unarudisha sehemu yake, kwa hiyo kwa kazi moja moja utaziona zimekaribiana. Weka 2, bado zinafukuzana. Weka 4, hapo i3 inaondoka. Ndivyo ilivyo hata kaunta: ukichapa barua peke yake huoni tofauti, ukiongeza kuskani na kivinjari chenye kurasa kumi, Pentium inaanza kusuasua.

Video za YouTube ni mzigo kwa zote mbili, kwa kuwa hazina mtambo wa kufungua VP9, namna YouTube inavyobana video zake, na prosesa inabeba kazi yenyewe. Kuna na jambo dogo linalosahaulika: i3 ina AVX, amri za ziada za hesabu ndani ya prosesa, Pentium haina, na programu chache zinazodai AVX zitakataa kufunguka kwenye Pentium.

Hatua ya 5: Joto na LUKU

Acha mashine ifanye kazi nzito nusu saa, mchana, dirisha likiwa kama linavyokuwa siku zote. Kasi ikishuka chini ya ile iliyoandikwa wakati mzigo bado upo, prosesa inajipoza yenyewe. Rudi kwenye vumbi na pesti kabla ya kuhukumu.

Kuhusu umeme, wati 10 za tofauti zisikutishe. Hata zingetumika zote saa 10 kwa siku, siku 26, ni yuniti 2.6 kwa mwezi, na kazi ya ofisi haifiki huko. Zidisha kwa bei ya yuniti kwenye risiti yako.

Ramu na Windows

Zote zinatumia ramu aina ya DDR3 yenye kasi ya 1333. Ukiuziwa ya 1600 itafanya kazi, lakini kwa 1333, usiilipie zaidi. Vipande viwili vya GB 4 vinafaa kuliko kimoja cha GB 8. Windows 11 haizitambui rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mimi naweka Linux Mint kwa anayekubali kujifunza.

Bei zikilingana, chukua i3 bila kusita. Kama i3 imezidi kwa pesa inayokaribia kununua SSD, chukua Pentium na hiyo SSD. Dada wa Ng'ong'ona alifanya hivyo. Ndani ya boksi nilimbandikia kikaratasi: akipata i5-2400 ya kore 4 kwa bei nzuri, soketi inaipokea, ila ni wati 95, aje na kipoozeo kikubwa zaidi.