Kingamwili ya p53 ikifika, igawe siku hiyo hiyo

Wenzangu wa maabara hapa Unguja na Pemba, tafadhalini msiiweke chupa nzima kwenye friza mkawa mnaitoa na kuirudisha kila mkiihitaji. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara ndiko kunakoiua kingamwili, yaani protini tunayoitumia kuikamata protini nyingine kwenye kipimo: hushikana mabonge, ikashindwa kuikamata p53 tunayoitafuta. Na p53 ndiyo protini inayozuia seli yenye DNA iliyoharibika isiendelee kugawanyika, kwa hiyo jibu la uongo hapo si jambo dogo.

Kwanza izungushe chupa kwenye sentrifuji sekunde chache, maana tone kubwa hubaki kwenye kifuniko. Kisha tia maikrolita 10 kila kijichupa. Usitie chini ya hapo, nyingine hukauka na nyingine hung'ang'ania ukutani mwa kijichupa. Andika jina, namba ya toleo na tarehe kwa wino usiofutika.

Umeme wetu Unguja hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na waliokuwepo Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanalikumbuka lile giza la miezi mitatu. Ndiyo maana mimi nikipata nafasi ya kuchagua, huagiza kingamwili iliyochanganywa na gliserini asilimia 50. Hiyo haigandi hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, wala haihitaji kugawiwa.

Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe iwachieni samaki. Kila inapojiyeyusha hujipasha moto, na vijichupa vyako navyo hupata joto.