Somo: Kupima muda wa kukompaili kati ya matoleo mawili ya kompaila

Kaskazi iliyopita niliwaambia vijana ninaowafundisha hapa Lamu kwamba toleo jipya la GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ni zito kuliko la zamani, na nikawaonyesha namba. Namba hazikuwa na kosa. Hukumu yangu ndiyo iliyokuwa nalo. Toleo la zamani nilikuwa nimelipima baada ya sala ya alfajiri, na jipya nikalipima adhuhuri katika chumba cha juu, chini ya makuti, wakati prosesa ya kipakatalishi changu ilikwisha kupata moto na kujipunguzia kasi. Nilikuwa nimepima joto la chumba. Utaratibu ufuatao ndio ninaoufuata tangu siku hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua msimbo wa kupimia. Kwa lugha ya C, faili moja la SQLite, programu ya hifadhidata, liitwalo sqlite3.c latosha kuanzia, kwa kuwa lina mistari zaidi ya laki mbili na halihitaji maktaba za ziada. Ukiwa mtu wa C++, pimia mradi wako mwenyewe, kwa sababu muda mwingi huko huliwa na faili za vichwa (matangazo yanayoingizwa katika kila faili) na violezo (mifano ambayo kompaila huizalishia msimbo), mzigo ambao sqlite3.c haina kwa kiasi hicho.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo wengi huiruka, ni kuhakikisha kwamba matoleo yote mawili yanafanya kazi ileile. Usipotaja kiwango cha lugha, GCC 10 itachukua C++14, ilhali GCC 11 ya mwaka 2021 itachukua C++17, na vichwa vya maktaba vikisomwa kwa kiwango cha juu zaidi huingiza msimbo mwingi zaidi. Faili ni lilelile kwa jina, lakini kompaila imepewa mzigo mwingine. Kwa hiyo andika -std=c++17 kwa zote mbili. Bendera za uboreshaji, yaani chaguo kama -O2 na -O3 zinazoiambia kompaila iiharakishe programu, nazo zina mtego wake: tangu GCC 12 ya mwaka 2022, -O2 huwasha pia uvektarishaji wa vitanzi (kufanya mizunguko kadhaa ya kitanzi kwa agizo moja), kazi ambayo hapo awali ilisubiri -O3. Mimi hupima mara mbili, kwanza kwa -O2 ilivyo, kisha kwa kuongeza -fno-tree-vectorize, kwani swali la mtumiaji, “nitasubiri kiasi gani?”, si sawa na swali la fundi, “kompaila imezorota?”

Hatua ya tatu ni mashine yenyewe. Iunganishe na umeme, zima ccache (programu inayohifadhi matokeo ya ukompaili uliopita), funga kivinjari, kisha kompaili mara moja na uutupe muda huo, maana mzunguko wa kwanza husoma faili kutoka diski.

Hatua ya nne ni kupima kwa kupishana: zamani, jipya, zamani, jipya, mizunguko kumi kila upande, ili joto likipanda liwapandie wote. Programu ya kupimia muda iitwayo hyperfine ni nzuri, ila humaliza mizunguko yote ya amri ya kwanza kabla ya kugusa ya pili. Ndiyo maana huandika kitanzi kifupi cha sheli mwenyewe. Linganisha namba za katikati, si wastani, kwani mzunguko mmoja uliokwama huuvuta wastani wote.

Mwisho, lipime toleo moja dhidi ya lenyewe. Likijitofautisha kwa asilimia mbili, basi tofauti ya asilimia moja kati ya matoleo haina maana yoyote. Tofauti ikiwa kubwa kuliko hiyo, -ftime-report ya GCC itakuonyesha ni awamu gani iliyoongezeka; kwa Clang, kompaila nyingine, tangu toleo la 9, tumia -ftime-trace.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Shela: Shikamoo mwalimu. Mradi wangu huchukua dakika arobaini. Nitaurudia vipi mara ishirini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiurudie wote. Chagua faili tano au sita zilizo nzito, uzikompaili moja moja bila -j (chaguo la kuendesha kazi nyingi kwa pamoja), kwa sababu kazi zikienda sambamba, muda wa saa ya ukutani hutegemea pia jinsi zilivyogawanywa.

Mwanachama wa Malindi: Ndugu mwalimu, mashine yangu hainipi namba mbili zinazofanana hata usiku.

Jibu: Hesabu maagizo ya prosesa badala ya sekunde, kwa perf, zana ya Linux: perf stat -e instructions:u. Joto haliyabadilishi. Kumbuka tu kwamba maagizo hayaonyeshi muda unaopotea kusubiri kumbukumbu, kwa hiyo usiitupe saa kabisa.

Mwanachama wa Mkomani: Nimejijengea GCC ya maendeleo kutoka kwenye hazina yao ya msimbo, nayo ni ya polepole mno. Je, toleo lijalo litakuwa hivyo?

Jibu: La, bwana. GCC ya maendeleo hujengwa ikiwa na ukaguzi mwingi wa ndani ambao hupunguzwa toleo linapotangazwa rasmi. Isanidi upya kwa --enable-checking=release, uijenge, kisha urudi hatua ya nne.