SOMO: Jinsi ya kujaribu soksi zenye kimto kwa wenye maumivu ya mbele ya unyayo (soma lote kabla hujauliza)

Habari za jioni wadau. Naandika hili somo mara moja tu, nikiulizwa tena nakuelekeza huku. Tangu niseme kwenye kundi la walimu kwamba miguu imepata nafuu, kila siku meseji, mwalimu zile soksi vipi, mwalimu unavaaje, mwalimu mimi nimenunua mbona zinaniumiza. Namjibu mmoja usiku, asubuhi wapo watatu wanauliza kilekile.

Tuelewane kwanza maumivu gani nayosema. Mimi nasimama darasani hapa Dodoma kwenye sakafu ya saruji karibu siku nzima, na viatu vyangu vya kazini vilikuwa vya soli nyembamba. Ikafika hatua kila nikikanyaga nahisi kokoto imeingia kwenye kiatu, navua, nakung'uta, hamna kitu. Sio kisigino, sio katikati. Ni pale nyuma ya vidole, hasa kidole cha pili na cha tatu. Daktari akaniambia inaitwa metatasalijia. Kila mguu una mifupa mirefu mitano inayokuja mpaka kwenye vidole, na vichwa vya hiyo mifupa ndo vinabeba uzito wako wote pale unaponyanyua kisigino ili upige hatua. Kiatu kirefu kinasukuma uzito mbele, soli nyembamba haipunguzi kishindo, shavu la mguu likikaza nalo linaongeza mzigo mbele, na umri ukienda yale mafuta ya chini ya unyayo yanapungua. Soksi ninazosema zina kimto cha jeli au sponji ngumu kimeshonewa chini. Kazi yake ni kuinua mifupa kidogo ili vile vichwa visibebe mzigo peke yao.

USIJARIBU kama una kisukari na miguu ina ganzi, kama una kidonda, kama mguu umevimba juu ghafla na ukibonyeza mfupa sehemu moja unaruka kwa maumivu (unaweza kuwa umepata ufa, na eksirei ya wiki za mwanzo wakati mwingine haiuonyeshi), au kama ni dole gumba limekuwa jekundu na la moto usiku, hiyo inaweza kuwa gauti. Hao wote hospitali kwanza.

HATUA YA 1. Wiki moja usivae soksi mpya. Andika tu kwenye daftari namba ya maumivu asubuhi, mchana na jioni, 0 hakuna kabisa, 10 huwezi kukanyaga. Viatu vilevile, kazi ileile.

HATUA YA 2. Pima mguu jioni ukiwa umesimama, yote miwili. Jioni miguu inakuwa imejaa, na joto letu la mwezi wa kumi ndo usiseme.

HATUA YA 3. Kata kucha.

HATUA YA 4. MAHALI PA KIMTO. Hapa ndo niliharibu mimi kwa hiyo naomba msome taratibu. Pea yangu ya kwanza nilinunua kubwa, muuzaji akaniambia chukua tu zitakaa, nikavaa, kimto kikaja mbele mpaka kikakaa moja kwa moja chini ya pale panapouma. Na mimi nikaona ndo penyewe, panauma hapa basi mto uwe hapa, si ndo akili ya kawaida. Nikavumilia wiki mbili nikidhani mguu unazoea. Daftari linaonyesha nilianza na 5 jioni, nikafika 8, na kidole cha pili kikaanza kufa ganzi, nikawa nafundisha nimekaa, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu niajiriwe. Kosa ni kwamba kimto kikikaa chini ya vichwa vya mifupa kinavisukuma juu na kuongeza mgandamizo palepale panapouma. Kinatakiwa kikae NYUMA ya panapouma, upande wa kisigino, ili kishike shingo za hiyo mifupa. Ukisimama unatakiwa uhisi kitu kinakuinua katikati ya wayo, sio chini ya vidole.

Namna ya kuhakikisha: bonyeza kwa kidole gumba mpaka upate nukta inayouma zaidi, pake hapo rangi ya mdomo, ile ya bei rahisi, vaa soksi taratibu bila kuizungusha, simama, tembea hatua kumi, vua na uigeuze nje ndani. Alama inatakiwa iwe mbele kidogo ya ukingo wa kimto. Ikiwa juu ya kimto, hiyo saizi sio yako au umevuta sana mbele, rudia. Kama soksi zina herufi L na R basi usizibadilishe, L ni mguu wa kushoto. Na saa ya chai ya saa nne vua kiatu uangalie tena maana kutwa nzima soksi inajizungusha, kimto kinaweza kuwa kimehamia pembeni na wewe hujui. Ukihisi ganzi au vidole vinachoma, vua siku hiyohiyo. Usivumilie kama mimi.

HATUA YA 5. Siku ya kwanza nusu saa nyumbani, ya pili saa moja, uwe unaongeza. Usiende nazo kazini siku ya kwanza.

HATUA YA 6. Jaribu soksi NDANI ya kiatu utakachovaa. Kimto kinakula nafasi, kiatu kilichokuwa kinakutosha kinaweza kubana vidole, na vidole vikibanwa neva za katikati zinaminywa, faida yote inapotea. Mimi ilibidi nipande namba moja kwenye viatu vya kazini, nilivipata Sabasaba kwenye mitumba, vina mbele pana na soli isiyokunjika ovyo.

HATUA YA 7. Sasa linganisha. Siku mbili vaa, siku mbili acha, kwa wiki mbili, unaandika namba zilezile. Usibadilishe viatu katikati ya jaribio wala usianze dawa za maumivu hizo siku, hutajua kilichosaidia ni kipi. Mimi siku za soksi jioni nilikuwa 2 au 3, siku za kuacha 5 au 6. Hapo ndo niliamini.

HATUA YA 8. Fua kwa mkono, maji ya baridi, hakuna jiki, anika kivulini.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Bei gani na unapatikana wapi mwalimu

Mwandishi: Siuzi. Sijaandika popote kwamba nauza.

Mama Wawili: Mimi nimenunua jana nimeweka kimto pale panapouma lakini naona panazidi, nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 4. Nimeiandika ndefu kuliko zote kwa ajili ya swali hili, isome dada yangu, alafu vua hizo soksi leo.

Mama Wawili: Sawa nimeona sasa. Samahani nilipita harakaharaka

Mwandishi: Hamna shida. Fanya ile ya rangi ya mdomo usiku huu, kesho utaniambia.

Kijana wa UDOM: Shikamoo mwalimu. Nimesoma lote. Swali langu ni hatua ya 1, kwa nini nikae wiki nzima na maumivu wakati soksi ninazo tayari? Natembea kutoka koleji moja kwenda nyingine, ni mbali.

Mwandishi: Marahaba mwanangu, hilo ndo swali. Maumivu ya mguu yanapanda na kushuka yenyewe. Mtu ananunua soksi siku ile amezidiwa kabisa, na siku mbaya kabisa kwa kawaida inafuatiwa na siku afadhali hata usipofanya kitu. Akivaa kesho yake anaona nafuu anasema soksi zimeniponya, anatangazia watu kumi. Ukiwa na namba za wiki nzima kabla, unajua jioni yako ya kawaida ni ngapi. Ndo maana pia nimesema vaa siku mbili acha mbili. Kama kutembea kunakutesa sana, punguza njia wiki hiyo ila upunguze vilevile wiki za soksi. Na wakati unasubiri nyoosha shavu la mguu, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma umenyooka, kisigino kisinyanyuke, sekunde 30 mara tatu kila mguu. Ukianza hilo zoezi lianze tangu wiki ya kwanza, sio katikati.

Kijana wa UDOM: Nimekuelewa, naanza Jumatatu. Asante sana mwalimu.

Mzee wa Makole: Mie naumwa kisigino asubuhi nikishuka kitandani. Zitanifaa?

Mwandishi: Hapana mzee wangu, shikamoo. Hili somo ni la mbele ya unyayo. Kisigino cha asubuhi ni tatizo lingine na kimto hiki hakifiki huko.

Dereva Boda: Mwl mimi ni mguu wa kushoto tu ndo unauma, pale nyuma ya vidole, wa kulia mzima. Inawezekana ni gia? Nashinda kwenye pikipiki toka saa kumi na moja asubuhi mpaka usiku

Mwandishi: Kaka umefikiria vizuri sana, sikuwa nimewaza hilo. Kama gia unaikanyagia sehemu ileile inayouma, kutwa mara mamia, basi angalia kiatu kabla ya soksi. Unavaa nini?

Dereva Boda: Raba nyepesi, jua likiwa kali navaa yeboyebo

Mwandishi: Hapo soksi haitafanya kazi, soli ikikunjika juu ya chuma cha gia mguu unapokea chuma. Vaa kiatu cha soli ngumu wiki mbili, andika namba. Ikibaki ndo uje kwenye soksi. Na ukihisi kama umeme unapita kati ya kidole cha tatu na cha nne mwambie daktari, hapo kati ndo nyuroma ya Morton inapopenda kukaa, ni neva inavimba.

Binti wa Kisasa: Mama yangu ana sukari miaka mingi, miguu inawaka usiku na anasema hasikii akikanyaga vitu vidogo. Nilitaka kumnunulia hizi za zawadi.

Mwandishi: Mdogo wangu hizi usimnunulie. Mtu asiyesikia hawezi kujua kimto kimehama, kinaweza kumtengenezea kidonda wala asishtuke. Mnunulie soksi nyeupe zisizo na mshono mnene ndani na zisizobana juu, nyeupe kwa sababu damu au usaha utaonekana mapema. Kila jioni mkaguzie nyayo na kati ya vidole, akiwa peke yake atumie kioo. Na kabla hajavaa kiatu apitishe mkono ndani, hapa kwetu mbigili inaingia popote. Alafu miguu yake ionwe kliniki ya sukari, mwambie asisubiri mpaka aulizwe. Mpe pole sana.

Binti wa Kisasa: Asante, sikujua hata moja. Nimeandika yote.

Fundi Cherehani Majengo: Hivi kimto siwezi kushona mwenyewe kwenye soksi ya kawaida? Sponji ya godoro ninayo

Mwandishi: Sponji ya godoro inalala bapa siku chache tu. Na kwenye soksi mshono wa mkono utakukwangua. Bora kwenye kile kitambaa cha ndani ya kiatu, hapo kimto hakizunguki. Mimi sijatengeneza ila fundi viatu wangu anatumia mpira wa ndala.

Fundi Viatu: Ni kweli, nakata ndala kuukuu umbo kama tone la maji, upana upande wa vidole, ncha upande wa kisigino, unene milimita tano hivi. Kingo zote napiga msasa mpaka ziishe kabisa, ukiacha ukingo umesimama mteja anarudi na malengelenge. Kwanza nabandika na selotepu atembee siku mbili tatu, pakikaa sawa ndo naweka gundi.

Mwandishi: Hiyo ya selotepu kwanza ni nzuri mno, naiongeza kwenye somo.

Mdau wa Nkuhungu: Sasa bei ya ndala?

Mwandishi: Muulize fundi.

Dereva Boda: Fundi upo Majengo upande gani, na ukiwa unanijibu niambie mbigili unaitoaje kwenye soli bila kuikatia ndani

Fundi Viatu: Usivute na kucha inakatika. Geuza kiatu, shika na koleo ndogo karibu kabisa na soli, vuta wima. Nakuja inbox.