Pilipili za Lala Salama

Joto likianza kupungua nawe huna hata mche, achana na mbegu. Mbegu ya pilipili huchipua upesi udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Kwenye ubaridi hujilalia humo wiki kadhaa, na nyingine huoza. Tafuta mche uliokwisha kusimama, ukipata wenye vitumba ndiyo bora zaidi. Aina nayo ina maana yake. Pilipili ndefu nyembamba huwahi, nyingi huvunwa siku 60 hadi 80 baada ya kupandikizwa. Pilipili mbuzi ina mwendo wa kobe: 90 na zaidi, kisha bado uisubiri ibadilike rangi. Saa hizi siigusi, labda mche uwe tayari na matunda.

Chombo cha lita 3 hadi 5 kinatosha, mradi kimetobolewa chini. Pipa la nini? Mmea ukipewa udongo mwingi hujishughulisha kwanza na mizizi na majani, na muda huo huna. Tena chombo kidogo unakibeba jioni ukakiingiza ndani, asubuhi ukakirudisha juani. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, maua hupukutika.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi iache. Itakupa kichaka kizuri cha kutazama tu. Tumia ile ya nyanya, yenye potasiamu zaidi, na umwagilie pale tu udongo wa juu unapokauka.

Mmea ukishinda ndani hauna upepo wala nyuki. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, linataka kutikiswa tu: mchana maua yakiwa wazi, gonga shina kwa kidole mara chache.

Sasa kazi inayowatia watu uchungu. Toka ua hadi tunda kuiva huenda wiki sita, nane, hata zaidi. Kwa hiyo ukikadiria kwamba joto lililobaki halifikii hapo, kata ncha za matawi na uchume kila ua jipya. Ndiyo, yote. Ua lile halitakupa pilipili. Litagawana tu chakula na matunda yaliyokwisha kushika. Ninayaacha yale yaliyofunga, hata ya ukubwa wa punje ya mahindi, na mengine sina huruma nayo.

Tunda lililoanza kugeuka rangi unaweza kulichuma ukalitia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, litamalizia humo. Lililo kijani kabisa kwa kawaida haligeuki vizuri, basi ulile hivyohivyo au ulitie kwenye achari.

Ukishamaliza kuvuna, usiung'oe. Mpilipili huishi miaka kadhaa baridi isipouua. Kata matawi ubakize shina la sentimita 15 hadi 20, kagua vidukari na utitiri mgongoni mwa majani yaliyosalia, kisha uuweke ndani penye mwanga, pasiposhuka chini ya nyuzi 10. Maji kidogo sana. Majani yakianguka yote usishtuke: kwaruza gamba la shina kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, mmea uko hai, na joto likirudi utachipua na kuzaa mapema kuliko mche wowote mpya.