Ukiletewa wali uliochacha: namna ya kusema hotelini bila ugomvi

Jumanne ya wiki iliyopita nilimpeleka mama mdogo kula chakula cha mchana. Alikuwa ametoka Mtongwe asubuhi, akavuka feri kuja kliniki ya macho mjini Mombasa, na ilipofika saa saba na nusu njaa ilikuwa imemshika barabara. Tukaingia hoteli ya kawaida karibu na soko la Markiti: meza za plastiki, feni moja, menyu imeandikwa kwa rangi ukutani. Nikaagiza sahani mbili za wali wa nazi, samaki aina ya changu wa kupaka, mchuzi wa kuku na gilasi mbili za maji ya ukwaju. Tulikaa dakika arubaini na tano. Weita alitupita mara nne bila kututazama. Chakula kilipofika, wali ulikuwa unafuka mvuke juu, lakini nilipotia mkono katikati nikakuta mabonge ya baridi, na nazi yake imeshaingia ukali wa kuchacha. Mama mdogo alikuwa amekwisha kumega tonge. Nikamshika mkono. Akaninong'oneza, "Wacha mwanangu, tule twende zetu. Usituaibishe mbele za watu."

Neno lake hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Kabla sijaanza kupika chakula cha harusi, nilihudumu mezani miaka tisa, kwanza Mwembe Tayari, kisha upande wa Bondeni. Nimewaona watu wetu wakila chakula kibovu kwa kuona haya, wakalipa, wakatoka, halafu wakaisema hoteli hiyo mtaa mzima. Mpishi hakuambiwa. Kesho yake alipika vile vile, na mtoto wa mtu mwingine akala. Mimi sioni kwamba huo ni uungwana.

Kabla hujaagiza

Usianze na menyu ya ukutani, kwani nusu yake huwa haipo. Muulize weita, "Leo kuna nini tayari?" Kisha uliza wali umeteremshwa saa ngapi. Hoteli nyingi za mjini wali wa mchana huwa tayari kabla ya saa sita. Ukiingia saa sita na nusu unakula wali mzuri. Ukiingia saa tisa, swali hilo ndilo la kwanza. Weita anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Akibabaika, agiza chapati au kitu kinachopikwa ukiona.

Samaki uliza bei ya yule utakayeletewa, maana changu mdogo na changu mkubwa haviendi bei moja, na ugomvi mwingi wa bili niliouamua mimi ulianzia hapo. Uliza pia kama kachumbari na maji vinakuja na chakula au vinahesabiwa mbali. Swali hilo halichukui hata nusu dakika.

Kuhusu kungoja: uliza chakula kitachukua muda gani, na muda huo ukipita mwite weita. Ijumaa baada ya swala, watu wakitoka msikitini kwa pamoja kufuata biriani, nusu saa si kosa la mtu. Jumanne meza zikiwa tupu, nusu saa maana yake oda yako haijafika jikoni. Mwambie aende akaangalie kwa macho yake, asikujibu "inakuja" akiwa amesimama pale pale. Kama haijaanza kupikwa, unaweza kuivunja na kuondoka, na ni vizuri umwambie hivyo kwa upole.

Sahani ikishatua

Usianze kula kwa njaa. Tia mkono au kijiko katikati ya wali. Wali wa moto juu na mabonge baridi ndani ni wali wa chungu kipya uliomiminwa juu ya mabaki ya chungu cha mwanzo, au ya jana. Nusa. Nazi ikichacha haijifichi, ina ukali unaopanda puani hata kama mchuzi una bizari nyingi.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu huudharau wali, wakidhani kinachodhuru ni nyama tu. Kuna vijidudu vya mchele ambavyo kuchemsha hakuvimalizi. Wali ukikaa bila moto vinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha tena mpaka ufuke. Mtu huanza kutapika baada ya saa moja hadi sita hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kupakuliwa kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60. Kwa joto letu la Mombasa, saa mbili hizo ni nyingi mno.

Samaki nao wana lao. Jodari aliyekaa juani kabla ya kutiwa barafu anaweza kuwasha ulimi kama pilipili hata akiwa hana harufu, kisha uso ukawa mwekundu na kichwa kikagonga. Kumpika hakumtengenezi. Ukihisi mwasho ambao pilipili ya mchuzi haiuelezi, tema, usimeze.

Ukiona kasoro, acha kula hapo hapo. Hili ndilo jambo watu wanalolikosea zaidi. Mtu anakula robo tatu ya sahani, kisha anamwita meneja. Nilipokuwa kazini sahani kama hiyo ilitupa shida kubwa, kwa sababu hatukuwa na cha kuonja wala cha kumpelekea mpishi. Matonge mawili yanatosha kujua.

Kumwambia weita

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndani ya hoteli kuna mambo ambayo mteja hayaoni. Katika hoteli yangu ya kwanza, sahani iliyorudishwa ilikatwa kwenye mshahara wa aliyeipeleka. Si mpishi, si mwenye hoteli, ni weita. Biriani moja ikirudi, nusu ya kibarua changu cha siku imekwenda. Basi mteja akiniambia wali umechacha, mdomo wangu ulikuwa unakana kabla akili haijasikia. Nilikuwa nikisema "Hapana mama, ndivyo ulivyo," na moyoni najua si kweli. Hata leo jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo weita akikujibu kwa ukali, usilipize. Mwite kwa heshima kwanza: mzee ni ami, kijana ni ndugu yangu, au mwanangu kama umemzidi umri. Usimpigie mluzi, usigonge gilasi kwa kijiko. Sema kasoro moja, ionyeshe, kisha sema unachotaka. Mimi nilisema hivi: "Ndugu yangu, samahani. Huu wali ni baridi katikati na nazi imechacha, hebu onja. Najua si wewe uliyepika. Naomba uniondolee kwenye bili."

Maneno "si wewe uliyepika" yana kazi kubwa. Yanamtoa kwenye shitaka. Na lile ombi la mwisho lazima liwe moja na liwe wazi: ubadilishiwe, au uondolewe kwenye bili, au urudishiwe pesa. Mtu anayesema "Chakula chenu kibaya" bila kusema anataka nini anaambulia "pole" na bili kamili. Kubadilishiwa mimi sikushauri kama kasoro ni ya kuchacha, kwani sahani ya pili itatoka kwenye sufuria ile ile.

Weita wetu alisema wali wote wa leo uko hivyo. Sikubishana naye. Nilibeba sahani yangu mwenyewe mpaka kwa keshia, nikaiweka juu ya kaunta, nikarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, na nikaongeza moja: "Tafadhali, kijana huyu asikatwe." Keshia, mama wa makamo, alinusa, akaita jikoni.

Usipaze sauti kwenye kaunta. Ukipaza, wateja wengine wanageuka, na kuanzia hapo keshia anatetea jina la hoteli na wali umesahaulika.

Bili na pesa

Maliza shauri lako kabla hujalipa. Ukilipa kwa tili ya M-Pesa, pesa imeshaingia kwa mwenye hoteli, na mara nyingi keshia wa zamu hana uwezo wa kuirudisha. Atakuambia uje kesho. Hoteli zinazotaka ulipe kwanza, omba urudishiwe taslimu kutoka kwenye droo, na ule ujumbe wa simu usiufute.

Bili isome mstari kwa mstari. Yetu ilikuja shilingi 1,560. Nilihesabu: wali mbili 300, samaki 600, kuku 350, ukwaju 160. Hiyo ni 1,410. Ile 150 ya juu ilikuwa kachumbari mbili ambazo hatukuambiwa zina bei, na chupa ya maji tusiyoifungua. Nikazitaja moja moja. Tukaishia kulipa 1,110. Samaki na kuku tulivilipia kamili kwa sababu vilikuwa vizuri, na ni haki ya mpishi. Yule changu alikuwa amechomwa vizuri na tui limemkolea.

Wakikataa kabisa, au mtu akiumwa

Haki unayo, na imeandikwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kulindwa afya yake, na fidia akipata hasara. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini kwa sahani ya wali usikimbilie mahakama. Nenda kwa maafisa wa afya ya umma wa kaunti, kwa sababu Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula na kuwasimamia. Hao ndio wanaoingia jikoni na kuuliza vyeti vya afya vya wapishi na maweita, ambavyo hupimwa upya kila miezi sita. Waeleze siku, saa, ulichokula, na nani wengine walikula. Risiti itakusaidia.

Mtu akitapika au kuhara, kwanza mpe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Mtoto, mzee au mjamzito mpeleke hospitali mapema. Mambo ya hoteli yatasubiri.

Kama hakuna aliyeumwa, kuna njia moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kurudi siku nyingine kati ya saa tisa na saa kumi, msukosuko wa mchana ukiwa umetulia, ukamtafuta mwenye hoteli mwenyewe. Nilirudi Alhamisi. Nilimkuta anahesabu pesa, nikamweleza kisa chote. Alinipeleka jikoni. Jiko moja kati ya mawili lilikuwa limevunjika, kwa hiyo chungu cha kwanza kilipikwa saa tatu asubuhi, kikakaa sakafuni bila makaa, na cha pili kikamiminwa humo humo. Mpishi alisema aliomba jiko jipya tangu mwezi uliopita. Mwenye hoteli hakujibu kitu kwa muda, kisha akamtuma kijana sokoni akaulize bei ya majiko.

Mama mdogo ana siku nyingine ya kliniki mwezi ujao. Nimemwambia tutakwenda hoteli ile ile, saa sita na nusu, na mkono wa kwanza kuingia katikati ya wali utakuwa wangu.